Uzi Upo

29 Oktoba

Leo saa nne asubuhi nimeshonwa mlango wa kizazi. Naandika nikiwa nimelala ubavu, mgongo unauma pale waliponichoma sindano ya ganzi. Mwandiko huu ningeukuta kwenye daftari la mwanafunzi ningemrudishia aandike upya.

Daktari Byabato alinieleza kwa kunichorea nyuma ya karatasi ya maabara. Kizazi kimekaa mdomo chini. Kwa wanawake wengi mdomo huo unafumba mpaka miezi tisa itimie. Wa kwangu, mimba ikifika mwezi wa tano na kuanza kuwa nzito, unafunguka wenyewe, bila uchungu, bila taarifa. Ndivyo nilivyopoteza watatu. Sasa nipo wiki ya kumi na nne, na amepitisha uzi mnene kuuzunguka mlango, akaukaza, akapiga fundo, kama mtu anavyofunga kiroba cha mchele.

"Nitautoa wiki ya thelathini na saba," alisema. "Lakini sikiliza, mwalimu. Uchungu ukianza kabla sijautoa, usingoje. Ukisukuma uzi ukiwa ndani utachanika, na damu itakayotoka inaweza kuwaondoa wote wawili. Yeyote aliye karibu na wewe ajue kwamba una uzi."

Nikamwomba kitu kimoja, kwamba siku ya kuutoa anipe huo uzi.

"Wa nini?"

"Nina mtu wa kumwonyesha."

Masele, mume wangu, anajua kwa sababu alitia sahihi. Nimemwapisha asimwambie mtu mwingine kuhusu uzi wala kuhusu mimba. Akauliza, "Hata mama?" Nikamjibu, mama yako akijua, dada yako Odeta anajua, na Odeta akijua, mpaka Ukerewe watajua kabla ya jua kuzama.

2 Novemba

Nimepewa ruhusa ya ugonjwa shuleni. Mkuu wa shule anaamini nina presha. Siku nzima nipo kitandani hapa Pasiansi, na kwenye dirisha naona kipande cha ziwa kati ya nyumba mbili. Kwa kuwa mwalimu wa Jiografia hawezi kukaa bure, nimekata chupa ya maji, nikaichora vipimo kwa kalamu ya wino mzito na kumwambia Masele aisimamishe uani. Nitapima mvua. Jana milimita sita.

Wacha niandike kwa nini nautaka ule uzi, nisije nikalainika baadaye.

Mwaka jana mwanzoni mwa Desemba, siku kumi na tisa baada ya kumzika wa tatu, tulikwenda Usagara kwa wakwe zangu kupanda mahindi. Kwao siku ya kwanza ya kupanda ina utaratibu wake. Mama mkwe anakaa na kikapu cha mbegu, zile zilizochaguliwa msimu uliopita na kutundikwa juu ya meko, na kila mke wa mji ule anachota kwa mkono wake. Nilichota. Odeta, ambaye ndiye mzaliwa wa kwanza na ameachika akarudi kwao, na neno lake kule ni kama la baba yake, alikuja akanishika mkono. Akanifungua vidole kimoja kimoja na kurudisha mbegu kikapuni. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Alikuwa kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto.

"Wewe usiguse mbegu, wifi. Tumbo lisiloshika, na mkono wake haushiki. Mahindi yatakauka."

Wanawake saba walikuwepo. Nawakumbuka kwa sura na kwa khanga walizovaa. Mama mkwe aliangalia chini. Nikapewa jembe, nikachimba mashimo kutwa nzima, na wenzangu wakanifuata nyuma wakitia mbegu. Maziwa yalikuwa bado yanatoka, yakalowesha blauzi yangu, nikasema ni jasho.

Mahindi yalistawi sana mwaka ule. Walisema ni kwa sababu sikuyagusa.

Sasa mpango wangu ni huu. Mtoto atakapotimiza siku arobaini nitawaalika wote. Watakula, watakunywa, na Odeta nitamweka mbele. Nitaleta uzi kwenye kisahani na kumwambia, huu ndio umeshika, wifi, hebu uguse. Mtoto hatambeba. Kila mwanamke wa ukoo atambeba isipokuwa yeye.

3 Novemba

Milimita nne. Hakuna damu, hakuna maji. Uzi upo.

4 Novemba

Jua. Uzi upo.

9 Novemba

Milimita thelathini na moja kwa mpigo, chupa ilijaa nusu. Masele yuko Kahama na lori la samaki. Uzi upo.

14 Novemba

Mdogo wangu Teodora amekuja na meli kutoka Bukoba, kunitunza. Ameleta ndizi, kahawa ya kutafuna, na senene, panzi wetu wa kukaanga, kwenye kopo la maziwa. Nimekula senene nusu kopo bila aibu.

Nilimsomea ukurasa wa tarehe mbili. Akamenya ndizi tatu, kisha akaniuliza, "Dada, hapo unalea mtoto au unalea chuki?"

Nikamwambia vyote viwili, nina mikono miwili.

6 Desemba

Leo wanapanda Usagara. Masele amekwenda peke yake na kuwaambia mke wake anaumwa. Odeta akanitumia ujumbe: "Pole wifi. Pumzika, shamba tutaliweza." Nimeusoma mara tisa. *Tutaliweza.* Yaani bila mimi, kama kawaida. Kama ningekuwa na kalamu nyekundu karibu ningeupigia mkasi.

Milimita kumi na mbili. Uzi upo.

15 Desemba

Alfajiri nilikuta doa la damu kwenye nguo, dogo kama punje ya mtama. Sikupiga kelele. Nilimwamsha Teodora kwa kumgusa mguu, naye akaenda kutafuta bajaji akiwa amevaa gauni la kulalia.

Hizi ndizo wiki zenyewe. Wa kwanza aliondoka wiki ya ishirini, wa pili ya ishirini na mbili, wa tatu ya kumi na tisa. Njia nzima kutoka Pasiansi mpaka hospitali nilikuwa nimebana mapaja kana kwamba mapaja yana nguvu hiyo. Nilianza rozari. Kila nikifika "sasa na saa ya kufa kwetu" nilimwona Odeta akinifungua vidole. Nikasema moyoni, Mama Maria, usiponihurumia mimi, basi angalau usimpe yule ushindi. Sijui kama sala ya namna hiyo inapokelewa, lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

Daktari Byabato alinipima kwa muda mrefu. Nilikuwa naangalia dari, Teodora ananiangalia mimi.

"Mlango umefumba," alisema hatimaye. "Uzi umekaza vizuri. Hiyo damu ni ya juu juu. Lakini kitanda, mwalimu. Si kufua, si kudeki, si kutembelea watu."

Nililia mpaka nesi akaniletea karatasi za kujipangusia. Nilikuwa nimejizuia kumpenda huyu mtoto, ili akiondoka aondoke kama mgeni. Leo nimeshindwa, nampenda. Sasa nina cha kuibiwa.

31 Desemba

Wiki ya ishirini na tatu. Sijawahi kufika hapa. Majirani wamepasua fataki, mtoto akashtuka ndani yangu, nami nikashtukia kushtuka kwake. Uzi upo.

19 Januari

Odeta amekuja.

Hakupiga simu. Teodora aliingia mbio chumbani akaninong'oneza, nikajifunika blanketi zito mpaka kidevuni, na joto hili. Odeta akaingia, akakaa kwenye kiti cha miguuni pangu, akaweka kikapu chini. Ni mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa ya jembe. Nilitamani achafuke kwa namna yoyote, lakini alikuwa safi.

"Wifi, bado tu unaumwa?"

"Malaria."

"Malaria ya miezi mitatu?"

"Inarudi."

Akaangalia blanketi. Akaangalia dirisha. Akasema mvua mwaka huu inaelewana na mahindi, mama anasalimia, ameniletea michembe ya viazi vikavu, nichemshe na karanga. Kisha akainuka, na mlangoni akageuka. "Usilale sana chali," akasema. "Lala ubavu."

Umbea mtupu. Anataka hata kunifundisha kulala. Teodora alichemsha michembe usiku na nikasema siitaki, halafu nikala sahani mbili. Milimita tisa. Uzi upo.

3 Februari

Teke moja, kubwa, wakati wa taarifa ya habari. Uzi upo.

11 Februari

Milimita ishirini na mbili. Uzi upo.

12 Februari

Uzi upo.

24 Februari

Masele ameweka sikio tumboni kwa nusu saa, halafu akaomba nimruhusu kumwambia mama yake. "Anazeeka, Koku. Mwache afurahi." Nikakataa. Akasema mimi na dada yake tunafanana. Tangu mchana siongei naye.

12 Machi

Wiki ya thelathini na tatu. Tarehe ya kutoa uzi ni 8 Aprili. Daktari amesema nimekuwa mgonjwa mtiifu kuliko wote alionao. Hajui kinachonitiisha.

20 Machi

Teodora amerudi Bukoba kazini, likizo aliyoomba imekwisha. Atarudi tarehe sita. Alinikumbatia akaniambia nichane ule ukurasa. Nikamwambia meli haingoji.

26 Machi

Mama mkwe amepiga simu. Jumapili mji mzima unakutana Usagara kuchoma mahindi mabichi ya mwisho, wanawake wote watakuwepo. "Hata kama huji wewe, mwanangu, tutakuwekea hindi."

Nimewaza sana. Kungoja siku arobaini ni mbali. Hapa kuna nafasi ya Odeta kuniona mtoto akiwa bado tumboni, palepale shambani, mbele ya wale wale saba. Masele atakuwa njiani Kahama. Daktari amekataza safari, lakini Usagara si safari, ni lami tupu na saa moja kwenda. Nitakaa saa mbili tu, nionekane, nirudi.

Kadi ya kliniki nitaiacha nyumbani. Imeandikwa habari ya uzi kwa wino mwekundu, na mikono ya Odeta haina adabu kwenye mikoba ya watu.

29 Machi

Milimita arobaini na tatu, kubwa kuliko zote msimu huu. Nimepiga pasi kitenge. Uzi upo.

3 Aprili

Naandika hospitali, kwa kalamu ya kuazima, mtoto akiwa kifuani. Wacha niandike yote kama yalivyokuwa, na yale yanayonifedhehesha niandike kwa herufi kubwa.

Jumapili nilikodi teksi, nikafika saa sita. Nilifunga kitenge chini ya tumbo ili lisimame lenyewe. Barabara ya kwenda kwenye mji ilikuwa tope, teksi ikaniacha kwenye lami nikatembea. Wanawake walikuwa wamezunguka moto. Aliyeanza kuniona akaacha kutafuna. Mama mkwe aliweka mikono yote miwili mdomoni, akaanza kulia bila sauti, na wengine wakainuka. Ilikuwa tamu. Sitadanganya, ilikuwa tamu kuliko nilivyopanga.

Odeta peke yake hakuinuka. Aligeuza hindi lake kwenye makaa, akasema, "Karibu wifi. Kaa, umetembea kwenye tope."

Basi. Hakushtuka wala hakuona aibu. Nilikuwa nimengoja uso ule miezi mitano, na hakunipa.

Ndipo nilipofanya ujinga. Alikuwa anabeba beseni la mahindi kupeleka motoni, nami nikamnyang'anya. "Mkono wangu unashika," nikamwambia, wote wasikie. Nikalibeba hatua kama ishirini, nikalitua kwa kuinama. Nilipoinuka kitu kilivuta chini ya kitovu.

Saa nane uchungu ulikuja, ukaenda, ukarudi. Niliujua. Nilikwenda kukaa nyuma ya ghala peke yangu na kuangalia saa ya mkononi. Kila dakika kumi, kisha kila dakika saba. Maneno ya daktari nilikuwa nayo kichwani yote, neno kwa neno. Na bado nilikaa pale. Masele hapatikani, kadi ipo Pasiansi, na ili nisaidiwe ilibidi niseme mbele ya Odeta kwamba nimeshonwa, kwamba ni kweli tumbo langu halishiki, limefungwa kwa uzi. Nilikaa saa nzima nikichagua kati ya mtoto na kiburi. SAA NZIMA. Mvua ikaanza tena nikiwa nimeegemea ukuta.

Odeta ndiye aliyenikuta. Aliona damu kwenye kitenge kabla yangu.

"Wifi. Umeanza lini?"

"Nina uzi," nikasema.

"Uzi gani?"

"Wamenishona mlango wa kizazi mwezi wa kumi. Bado haujatolewa. Nikisukuma nachanika. Tunakufa wote wawili."

Nilimwangalia usoni nikingoja. Nilijiambia akicheka nitafia hapahapa na iwe juu yake. Hakucheka, wala hakuuliza mara ya pili. Alipiga kelele moja, "Leteni mkokoteni," na ng'ombe wakafungwa kwa haraka nisiyowahi kuiona. Walinilaza kwenye mabua mabichi, ubavu, Odeta akafunika tumbo langu kwa turubai na kushika mwenyewe kamba ya ng'ombe. Alitembea kwenye tope lile kinyumenyume ili anione.

"Pumua wifi. Usisukume. Ukitaka kusukuma nitukane."

Nilimtukana. Kwa Kihaya na kwa Kiswahili, kutoka ghalani mpaka lami, yote niliyoyalimbikiza mwaka na zaidi. Nilimwambia habari ya mbegu. Alikuwa anaitikia, "Ehee, sema," na kuwachapa ng'ombe.

Kwenye gari lililotuchukua pale lami nilikuwa nimelaza kichwa mapajani mwake, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Ndipo aliposema kwa sauti ya chini, "Mimba niliijua tangu ile siku ya michembe. Mtu wa malaria hashiki blanketi vile."

"Mbona hukusema?"

"Niliuogopa mdomo wangu." Akanifuta maji ya mvua usoni. "Nilishaufungua mara moja, shambani. Niliona ulivyochimba yale mashimo."

Hospitali walituuliza kadi. Kulikuwa na wajawazito kumi na zaidi kwenye mabenchi, nesi mmoja anaandika, na mimi sikuwa na sauti tena, nilikuwa nimeng'ata khanga. Nilihisi mwili unataka kusukuma wenyewe. Odeta akasimama katikati ya ukumbi. Ule mdomo ambao nimeulaani msimu mzima akaufungua wote.

"Huyu kashonwa mlango wa kizazi na uchungu umekuja. Kashonwa, mnanisikia? Uzi upo ndani. Mmoja wenu aje na mkasi sasa hivi."

Wote walisikia. Walinzi, wauza maji, waume za watu. Siri yangu ya miezi mitano ilitangazwa mpaka getini, na kwa kila neno mlango mmoja ulifunguka. Daktari wa kike, binti mdogo, alikuja anakimbia. Alinikatia uzi dakika ile ile, akasema bado kidogo ungepasua. Kabla ya jua kuzama alizaliwa mtoto wa kike, kilo mbili na gramu mia mbili, mwenye hasira.

Nimemlaza kifuani tangu wakati huo, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa amewahi. Ananyonya kama mtu anayedai.

5 Aprili

Masele amekuja, amelia. Mtoto ameitwa Kabula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Jina ametoa Odeta, ni haki ya shangazi, na mimi sikuulizwa.

Alipokuja kuniona nilikuwa nimepanga asimbebe. Lakini nilitaka kwenda kuoga, na nesi hakuwepo. Nikampa. Nilipotoka alikuwa amefungua vifungo vya blauzi yake na kumlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, kama nilivyofundishwa mimi. Nilisimama mlangoni na taulo. Sijamsamehe.

14 Aprili

Nipo nyumbani. Leo nimekumbuka uzi.

Daktari Byabato amesema kwenye simu kwamba yule binti aliuhifadhi kama faili langu lilivyoagiza, na nesi akamkabidhi ndugu niliyekuja naye, umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Nikampigia ndugu niliyekuja naye.

"Odeta, uzi wangu uko wapi?"

"Nimeufukia."

"Umefanya nini?"

"Nimeufukia, wifi. Kitovu kinafukiwa, nao ulikuwa mlemle na mtoto. Ningeutupa wapi?" "Nimeufukia shambani. Pale mama anapowekaga kikapu. Palepale nilipokushika mkono."

Nilikata simu. Miezi mitano na nusu nimeulalia ule uzi, nimehesabu siku za kisahani na wageni, na huyu mwanamke ameuchukua akauweka ardhini bila kuniuliza, kama anavyofanya kila kitu. Hata kisasi changu amekizika yeye.

Kisha Kabula akaamka na kudai haki yake, nikakaa kunyonyesha. Nikapiga tena.

"Desemba nakuja kupanda."

"Karibu."

"Kikapu utakishika wewe, si mama. Utasimama juani unishikie, na wale saba wawepo wote. Nitachota mbegu moja moja, na sitakuwa na haraka."

Nyuma yake kuku walikuwa wanalia.

"Sawa, wifi," akasema. "Nitakishika."

Chupa ya uani kavu kwa siku ya nne. Shamba la Usagara ni ekari mbili na nusu za mbegu moja moja.